Kujitolea katika mashindano ya riadha ughaibuni: je, ni busara kujigharamia?

Binti wa Zimmerman

Habari zenu, ndugu na dada zangu. Naomba ushauri wa wale waliowahi kufanya kazi ya kujitolea katika mashindano ya kimataifa nje ya nchi, hasa kazi zile ambazo mtazamaji wa televisheni hazioni. Mwezi wa Agosti 2025 nilihudumu katika uwanja wa Kasarani, Nairobi, wakati wa mashindano ya soka ya CHAN, nikiwa miongoni mwa vijana walioelekeza mashabiki kutoka malangoni hadi vitini, na tangu hapo nimetamani sana kujua jinsi mashindano makubwa yanavyoendeshwa kwingineko. Niliomba nafasi katika mashindano ya riadha yatakayofanyika Ulaya mwakani, na wiki iliyopita nikapokea barua pepe ya kukubaliwa. Nimepangiwa kuhudumu katika chumba cha kuwaitia wanariadha kabla ya mbio, pamoja na kubeba vikapu vyao vya nguo.

Baba yangu, ambaye ni mwalimu mstaafu, ameniuliza swali ambalo hadi sasa sijapata jibu lake: kwa nini mtu alipe nauli, viza na malazi kwa pesa zake mwenyewe ili akabebe vikapu vya nguo bila mshahara? Simlaumu, kwa sababu akiba ninayoizungumzia ni ya kazi ya zaidi ya mwaka mmoja, na nina wadogo zangu wawili walio shuleni. Nina stashahada ya usimamizi wa ugavi, na nia yangu ni kufanya kazi katika uendeshaji wa mashindano, hasa kwa kuwa Kenya, Tanzania na Uganda zimepewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Je, kazi ya chumba kile ina mafunzo yoyote ya maana? Je, barua ya kukubaliwa inatosha kupata viza? Na kwa waliokwenda, mngekubali kwenda tena?

Mkazi wa Rongai

Dada, hongera kwa kukubaliwa, kwa maana ushindani wa nafasi hizi ni mkubwa. Mimi nilijitolea katika Michezo ya Olimpiki ya Paris 2024, ambako watu zaidi ya 300,000 waliomba nafasi zipatazo 45,000, na kwa bahati nilipangiwa kazi hiyo hiyo yako katika uwanja wa Stade de France. Kwa hiyo nitakueleza nilichokiona, kisha umsomee mzee wako.

Chumba cha kuwaitia wanariadha ndicho mlango kati ya uwanja mdogo wa kupashia misuli joto na uwanja wenyewe wa mashindano. Kila mbio ina saa yake ya kufika chumbani humo, inayohesabiwa kurudi nyuma kutoka saa ya mbio kuanza, na mwanariadha asiyefika kwa wakati bila sababu inayokubalika anaweza kuondolewa mashindanoni hata kama ndiye bingwa wa dunia. Wakishaingia, waamuzi hukagua namba za kifuani, ukubwa wa nembo zilizo kwenye nguo, urefu wa meno ya njumu na unene wa soli. Tangu Novemba 2024 soli ya kiatu cha mbio za uwanjani hairuhusiwi kuzidi milimita 20, ilhali cha mbio za barabarani kinaishia milimita 40. Simu na vifaa vya muziki huachwa hapo. Mtu wa kujitolea hakagui chochote kati ya hivyo, wala hatakiwi kutoa maoni. Kazi yake ni kuwapanga wanariadha kwa kufuata vijia vyao, kugawa namba za nyongani zinazosomwa na kamera ya mwisho wa mbio, kuhakikisha kwamba anayehitaji msala anasindikizwa na kurudishwa, na kuwatoa wote kwa pamoja saa ikifika. Ukichelewesha kundi moja kwa dakika mbili, ratiba ya televisheni ya dunia nzima inayumba, na utaona nyuso za wakubwa wako zikibadilika.

Vikapu navyo si jambo dogo. Mwanariadha anapofika mahali pa kuanzia huvua koti na suruali ya juu, huweka kikapuni pamoja na chupa yake ya maji, na wewe unasimama nyuma yake bila kuonyesha hisia zozote. Mbio zikianza, mnabeba vikapu kwa mstari hadi mahali wanariadha watakapotokea baada ya kupita kwa waandishi wa habari. Nilichojifunza hapo ni kwamba mshindi huwa hakumbuki kikapu kwa muda mrefu, kwa sababu amezungukwa na bendera na kamera. Aliyeshindwa hataki mahojiano wala picha. Anataka koti lake, na wewe ndiye unayejua lilipo. Nilimkabidhi msichana mmoja koti lake akiwa analia, akanishukuru kwa lugha nisiyoielewa, na hadi leo nikiulizwa nilifanya nini Paris, yeye ndiye humkumbuka kwanza.

Ni haki pia ujue kwamba hutaona mbio. Usiku wa tarehe 10 Agosti, Emmanuel Wanyonyi aliposhinda mita 800 kwa dakika 1:41.19, kisha Faith Kipyegon akatwaa taji lake la tatu mfululizo la Olimpiki katika mita 1500 kwa dakika 3:51.29, mimi Mkenya nilikuwa chini ya majukwaa nikitayarisha vikapu vya mbio za kupokezana vijiti zilizofuata. Niliyajua matokeo kwa kelele za watu na kwa Mfaransa mmoja mzee aliyekuja mbio kunikumbatia baada ya kuona bendera ndogo niliyoibandika kwenye kitambulisho changu. Ikiwa moyo wako hauwezi kustahimili kuwa karibu kiasi hicho bila kutazama, basi ni afadhali ununue tikiti ya shabiki.

Kuhusu gharama, kamati andalizi ilitupa sare, chakula siku za zamu na usafiri wa umma katika eneo la Paris. Nauli ya ndege na malazi vilikuwa juu yetu, na malazi ndiyo yaliyomeza pesa nyingi zaidi, kwa kuwa miji hupandisha bei nyakati hizo. Nilipata chumba cha kushiriki na wenzangu watatu. Zingatia umbali: zamu za jioni huisha usiku wa manane, kwa hiyo chumba cha bei nafuu kilicho mbali na njia ya treni kinaweza kukuponza, hasa wewe ukiwa msichana unayetembea peke yako katika mji mgeni.

Barua ya kukubaliwa haitoshi kupata viza. Ni kiambatisho kizuri, lakini ubalozi utataka kujua nani anakugharamia, utalala wapi na ni kitu gani kitakachokurudisha nyumbani. Kama nchi unayokwenda iko katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ada ya viza ni yuro 90 kwa mtu mzima, bima ya safari isipungue yuro 30,000, na pasipoti iwe na angalau miezi mitatu zaidi ya siku unayotarajia kuondoka huko. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na nakuhimiza usisubiri, kwa maana miadi ya msimu wa kiangazi hujaa mapema hapa Nairobi. Tayarisha taarifa za benki zinazoonyesha pesa zikiingia kidogo kidogo kwa miezi kadhaa, kwa sababu kiasi kikubwa kilichowekwa ghafla wiki moja kabla ya maombi huzua maswali.

Mhasibu wa Donholm

Nimesoma maelezo ya ndugu wa Rongai kwa makini na ninaheshimu uzoefu wake, lakini naona swali la mzee wa huyu dada limepitwa kandokando. Mzee hakuuliza kama kazi ni nzuri. Ameuliza kwa nini anayeifanya ndiye anayelipa.

Mashindano haya huendeshwa kwa mapato ya haki za televisheni, wadhamini na tikiti. Mkandarasi wa majukwaa hulipwa, kampuni ya ulinzi hulipwa, mpishi hulipwa, na mpiga picha hulipwa. Anayebaki bila malipo ni kijana anayebeba kikapu, na tunaambiwa tumshangilie kwa moyo wake wa kujitolea. Kijana wa huko huko anayepanda treni kutoka kwao na kurudi jioni kulala kitandani mwake hapotezi mengi. Kijana wa Zimmerman hapa Nairobi anayelipa nauli ya ndege, ada ya viza isiyorudishwa hata viza ikikataliwa, bima na kitanda cha kukodi, anatoa mchango mkubwa kuliko mwenzake kwa kazi ile ile, na anautoa kwa shirika lenye mapato yake. Mimi naona hilo si haki, na ninasema hivyo nikiwa mtu anayependa riadha tangu utotoni.

Simkatazi dada yetu kwenda. Ninachoomba ni kwamba aiandike safari hii katika daftari lake kama matumizi, wala asiiite uwekezaji kabla hajajua ni nani hasa atakayemwajiri kwa sababu ya cheti hicho. Mashindano ya 2027 yatakuwa hapa nyumbani, na nauli yake ni matatu ya Thika Road. Kuna jambo jingine kwa wengine wanaosoma hapa: kamati halisi hazitozi ada ya kuomba nafasi ya kujitolea. Ukiambiwa utume pesa kwa M-Pesa ili jina lako lithibitishwe, huo ni wizi, hata barua iwe na nembo nzuri namna gani.

Muuguzi wa Kilimani

Ndugu Mhasibu, nakubaliana nawe kuhusu haki, na ningependa siku moja kamati hizi ziwalipie malazi wale wanaotoka nchi zisizo na uwezo. Hata hivyo, naomba niongeze jambo moja ambalo halionekani kwenye daftari.

Nilikuwa nikifanya kazi Doha wakati wa Mashindano ya Dunia ya Riadha ya 2019, kwa hiyo mimi sikulipa nauli wala malazi ya ziada, na ninatambua kwamba hali yangu ilikuwa nyepesi kuliko ya dada huyu. Nilijitolea katika kituo cha maji kwenye marathoni ya wanawake, ile iliyoanza saa sita usiku kasoro dakika moja kwenye barabara ya Corniche ili kuepuka jua. Hata usiku huo joto lilizidi nyuzi 30 na unyevu wa hewa ulikuwa zaidi ya asilimia 70. Walianza wanawake 68, wakamaliza 40 tu. Ruth Chepngetich wetu alishinda kwa saa 2:32:43, muda ambao kwa mwanariadha wa kiwango chake ni wa polepole sana, nao unakuonyesha hali ilivyokuwa.

Nilikuwa muuguzi mwenye leseni, nilidhani naijua kazi ya dharura, kumbe kazi ya dharura hospitalini na ya dharura barabarani ni vitu viwili. Hospitalini mgonjwa huja kwako. Pale ilibidi tujifunze kumtambua mwanariadha anayeelekea kuanguka akiwa bado umbali wa mita mia moja: mabega yanavyopinda, miguu inavyokosa mstari, macho yasiyotafuta tena meza ya maji. Tulifundishwa kwamba hatumgusi kabla daktari hajatoa ishara, tukafundishwa jinsi barafu inavyogawanywa ili kituo cha mwisho kisikute ndoo tupu, na nani anampigia nani simu kiti cha magurudumu kikihitajika mahali ambapo gari haliwezi kufika. Hakuna aliyewahi kunifundisha hayo darasani.

Kuna pia mambo ya chupa. Katika mbio ndefu, vituo vya vinywaji huwekwa takribani kila kilomita 5, na wanariadha wa daraja la juu huwa na chupa zao binafsi zinazokabidhiwa kwa waandalizi na kubaki chini ya uangalizi tangu saa hiyo hadi mkononi mwa mwanariadha. Katika nchi kama yetu, ambamo kesi za pufya, yaani dawa za kuongeza nguvu zilizopigwa marufuku, zimetuumiza vibaya, uangalizi wa chupa ni ulinzi wa jina la mtu. Mnamkumbuka yule Mjerumani aliyekuwa akimkabidhi Eliud Kipchoge chupa mjini Berlin mwaka 2018, siku aliyoweka rekodi ya dunia ya saa 2:01:39, huku akirusha ngumi hewani kwa furaha kila mara chupa iliposhikwa? Alikuwa mtu wa kujitolea. Chupa kuanguka kwa mwendo ule ni sekunde zinazopotea, na mwanariadha hawezi kurudi kuiokota.

Niliporudi Nairobi nilijiunga na kikosi cha huduma ya kwanza cha mbio za barabarani za hapa, na tulibadilisha mpangilio mzima wa vituo kwa kufuata niliyoyaona Doha. Kwa hiyo, dada, swali ninalokuuliza ni hili: je, kuna kitu mahususi ambacho unataka kukijua na ambacho hakipatikani hapa? Kama kipo, nenda. Kama unachotafuta ni sare na picha tu, msikilize Mhasibu.

Msindikizaji

Nitasema machache. Mimi huwa msindikizaji wa wanariadha wanaochaguliwa kupimwa pufya, na nilianzia hapa hapa Nairobi, katika mashindano ya Kip Keino Classic. Kazi ni kumpa mwanariadha taarifa, kupata saini yake, kisha kutomwacha atoke machoni pako hata kwa sekunde moja hadi afike kwenye kituo cha kupimwa, awe anahojiwa, anapokea medali au anawakumbatia wazazi wake. Nilipoomba nafasi nje ya nchi, uzoefu huo ndio ulionipa kazi niliyoitaka badala ya kupangiwa popote. Kasarani imepokea Mashindano ya Dunia ya Riadha ya chini ya miaka 18 mwaka 2017, na ya chini ya miaka 20 mwaka 2021. Watu waliosimamia vyumba vya wito katika mashindano hayo wapo hapa mjini. Kabla ya kusafiri, watafute, uombe kusaidia katika mashindano ya kitaifa, hata ya shule, ili usifike Ulaya ukiwa mgeni wa kila kitu.

Binti wa Zimmerman

Nawashukuru sana nyote. Nimemsomea baba majibu haya jana jioni, akakaa kimya kwa muda mrefu aliposikia ya Mhasibu, kisha akaniambia nirudie ya Doha. Amesema nisimwombe ruhusa bali nimwandikie hesabu.

Kwa swali la Muuguzi, jibu langu ni ndiyo. Wakati wa CHAN niliona jinsi malango ya Kasarani yalivyolemewa, hadi CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikapunguza idadi ya mashabiki walioruhusiwa kuingia, na mimi niliyekuwa langoni sikuwa na habari kama basi la timu limefika, kama barabara imefungwa, wala kama mlango wa pili umefunguliwa. Ninataka kuelewa jinsi idara moja inavyopata habari kutoka kwa nyingine kwa wakati. Nimebaki na swali moja tu kwa ndugu wa Rongai: je, niombe kuhamishiwa kazi iliyo karibu zaidi na uwanja, au nibaki katika chumba hicho? Na nikate tikiti ya ndege lini?

Mkazi wa Rongai

Baki hapo hapo, dada. Kwa swali hilo lako la habari kupita kati ya idara, sijui mahali pengine panapofaa kuliko hapo, kwa kuwa chumba hicho kinaongea na kila mtu: uwanja wa kupashia misuli joto, mwamuzi wa kuanzisha mbio, watu wa televisheni, madaktari na wasindikizaji wa pufya. Ukutani kwetu kulikuwa na karatasi moja iliyoonyesha, kwa kila mbio, dakika ya kufika, ya kuanza ukaguzi, ya kutoka na ya kusimama kwenye mstari. Jua likiwaka au mvua ikinyesha, karatasi ile ndiyo iliyotuongoza, na mbio moja ilipocheleweshwa niliona jinsi msimamizi wetu alivyosogeza saa za mbio tatu zilizofuata kwa simu mbili fupi. Jifunze jinsi karatasi hiyo inavyotengenezwa. Kwa mtu wa ugavi kama wewe, haitakuwa ngeni.

Tikiti usikate kabla ya viza kutoka, na ukikata, chagua inayoruhusu kubadilishwa tarehe hata ikiwa ghali kidogo. Kumbuka yaliyowapata wengi kuhusu Tokyo: mwezi wa Machi 2021 waandalizi waliamua kwamba, kwa ujumla, watu wa kujitolea kutoka nje ya Japani wasiingie nchini kwa sababu ya korona, miezi minne tu kabla ya michezo kuanza. Omba pia cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi, mapema kupitia eCitizen, kwa kuwa kamati nyingi hukagua historia ya mtu kabla ya kumpa kitambulisho cha kuingia uwanjani, na foleni ya alama za vidole wakati mwingine huwa ndefu.

Kabla ya kuweka pesa za malazi, mwandikie mratibu wa idara yako umwombe ratiba ya zamu, na umuulize mafunzo ya ana kwa ana yatafanyika siku ngapi kabla ya mashindano. Siku hizo za mafunzo nazo huhitaji kitanda, na ndizo watu wengi husahau kuzitia katika hesabu. Mwonyeshe mzee kwamba wewe umezitia.